Kuziba na kuzibua: Funzo la majitaka katika nyumba ya magurudumu

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kauli ya kutendua kwa mfano ule ule mmoja. Huandika ubaoni kitenzi 'ziba', na chini yake 'zibua'. Huwaeleza kwamba kiambishi kile kidogo hugeuza tendo likawa kinyume chake, kama ilivyo katika funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua, anika na anua. Wanafunzi hunakili, hufanya zoezi, na mtihani hupita salama. Sikupata kufikiri hata siku moja kwamba mwalimu wao angeweza kuyajua maneno hayo mawili kinaganaga na bado ashindwe kulitenda la pili.

Aibu hiyo ilinifika nchini Uingereza, miaka michache iliyopita, nilipokuwa nimealikwa kufundisha kwa muhula mmoja katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa nchi hiyo. Likizo ya kiangazi ilipowadia, mwenyeji wangu alituazima karavani yake, mimi na jamaa yangu, tukapumzike wiki moja karibu na mji wa Whitby, pwani ya Yorkshire. Aliikokota mwenyewe hadi kambini jioni moja, mvua ikinyesha, akaifungua kutoka kwenye gari lake, akanikabidhi funguo na kuharakisha kurudi. Aliniachia usia mmoja tu: tuitunze kama yetu.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajakiona chombo hiki, karavani ya watalii ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa nyuma ya gari. Ndani mna vitanda, meza, jiko la gesi, karo la kuoshea vyombo, na chumba kidogo chenye choo, beseni la kunawia na bafu la manyunyu. (Nalitumia neno karo kama walitumiavyo wenzetu wa pwani, najua kwamba huku bara likitajwa tu, mzazi hushika mfuko wake.) Jina karavani nalo limesafiri sana. Waingereza walilipata kupitia Kifaransa, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya msafara. Sisi twasema msafara, neno la shina moja na safari na msafiri, tulilolipokea kutoka Kiarabu.

Nyumba ya namna hii si jambo la jana. Mwaka 1885 Daktari William Gordon Stables, tabibu mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, alisafiri kutoka Twyford, kusini mwa nchi, hadi Inverness huko Uskoti, ndani ya nyumba iliyokokotwa na farasi wawili, aliyoiita The Wanderer. Farasi wameondoka, magari yamekuja, lakini jambo moja halikubadilika. Nyumba ya mawe hupimwa mara moja tu, siku ya kujengwa, na maji yake yakaendelea kuteremkia upande ule ule kwa miaka mia. Karavani hutua leo penye mwinuko na kesho penye bonde, na kila inapotua sharti ipimwe upya. Mimi sikulijua hilo. Niliona nyumba imesimama, nikadhani imesimama sawa.

Siku mbili za kwanza zilipita kwa raha. Siku ya tatu, binti yetu alikuwa akioga huku mimi nikiosha sufuria jikoni. Nilipoachilia maji ya karo yaende, nikasikia mlio wa gudugudu chini ya sakafu, kisha ukelele bafuni. Maji yangu ya sufuria, pamoja na mafuta yake na majani ya chai, yalikuwa yametokeza kupitia tundu la bafu na kumfunika mtoto miguu. Mama watoto akanitazama tu.

Nilikata shauri papo hapo kwamba bomba limeziba. Nikaenda mjini, nikanunua dawa kali ya kuzibulia, ile iliyotengenezwa kwa magadi makali yachomayo ngozi, nikaimimina karoni. Nikangoja. Maji hayakwenda. Nilirudi dukani nikaleta dawa ya aina nyingine, ya asidi, nikiwa tayari kuiongeza juu ya ile ya kwanza. Ni mama watoto aliyenishika mkono na kunisomea maandishi madogo ya kibandiko: dawa hii isichanganywe na nyingine yoyote. Nilipotulia nikatambua jinsi nilivyokuwa karibu na maafa. Asidi na magadi makali vikikutana huchemka ghafla na kuruka hadi usoni. Asidi ikikutana na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, hutoa hewa ya sumu ambayo katika chumba kidogo yaweza kuua. Nami nilikuwa na watoto wawili ndani ya chumba kidogo.

Usiku ule nilijaribiwa na shetani wa pili. Kambi ile, kama zilivyo kambi za huko, ilikuwa na mahali maalumu pa kumwagia majitaka ya jikoni na bafuni, na mahali pengine mbali pa kumwagia ya chooni, maana choo cha karavani kina kisanduku chake na mabomba yake hayakutani na haya. Kumwaga ovyo kulikatazwa. Hata hivyo nilitazama giza, nikatazama majani, nikawaza kwamba nikiuchomoa ule mpira na kuyaachia maji yaende zake, nani atajua? Nililala nikiwa nimekaribia kulitenda jambo ambalo nyumbani huwakaripia majirani kwalo.

Asubuhi alikuja jirani yetu wa kambini, mzee aliyestaafu kazi ya ufundi katika reli. Watoto walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba baba yao ni daktari.

"Daktari," akaniita, "mgonjwa anaumwa wapi?"

Nikamjibu kwamba bomba limeziba.

"Umejuaje kwamba limeziba?"

"Maji hayaendi."

"Kwamba maji hayaendi, hilo umeliona," akasema. "Kwamba bomba limeziba, hilo umelidhani."

Nilinyamaza. Nimewakata wanafunzi alama nyingi kwa kosa hilo hilo, la kutoa hitimisho ambalo ushahidi wao haukulifikia. Mzee akaniuliza nilichokuwa nimemimina. Nilipomwambia, alikwenda akarudi amevaa glavu na miwani ya kulinda macho, akawaondoa watoto, ndipo akaanza kazi.

Naomba wasomaji, hasa walimu, waufuate utaratibu wake, kwa sababu ndimo lilimo funzo lenyewe.

Kwanza alitaka kujua kama kasoro iko ndani ya nyumba au nje. Majitaka ya karavani hupita katika mabomba membamba chini ya sakafu, yenye upana wa takriban milimita 28, hadi kwenye tundu lililo ubavuni. Hapo huunganishwa mpira unaoyapeleka katika tangi la plastiki lililolazwa chini. Mzee alitega ndoo, akauchomoa mpira ubavuni. Maji ya karo yakamwagika kwa kishindo mpaka yakaisha. Bomba la karo halikuwa limeziba hata kidogo! Kasoro ilikuwa nje, na aliyeileta nje nilikuwa mimi.

Siku ya kwanza nilichukizwa na harufu ya lile tangi. Nikausukuma mpira mpaka ukagusa chini kabisa, na tundu dogo la hewa lililokuwa juu ya tangi nikalikaza kizibo. Nilijiona mwerevu. Sasa mzee aliniuliza: maji yakiingia tangini, hewa iliyokuwamo itokee wapi?

Mtu yeyote aliyewahi kumimina mafuta ya taa katika chupa kwa faneli anaijua habari hii. Faneli ikibana mdomo wa chupa barabara, mafuta husimama juu yake yasiteremke. Ukiinyanyua kidogo, hewa hupumua kandoni na mafuta hushuka mara moja. Chupa tunayoiita tupu si tupu. Imejaa hewa, na mgeni haingii mpaka mwenyeji apishwe. Tangi langu lilikuwa chupa iliyobanwa. Mzee alilegeza kizibo, akauvuta mpira ili ncha yake iwe juu ya maji siku zote, na lile gudugudu likakoma. Kwa nini basi maji ya karo yalitokeza bafuni? Kwa sababu mabomba yote yameungana, na maji yaliyokosa njia hupanda kupitia tundu lililo chini kuliko mengine. Katika karavani tundu hilo ni la bafu.

Hata hivyo, maji ya bafuni yalibaki yamesimama pembeni. Mzee akaomba chombo ambacho nilifurahi kugundua kwamba nalijua jina lake: pimamaji. Akaiweka juu ya sakafu ya bafu. Kiputo kikakimbilia mbele, ishara kwamba mbele ya karavani pako juu, ilhali tundu la kutolea maji liko kwenye pembe ya mbele. Kwa siku tatu tulikuwa tukiyataka maji yapande mlima.

Dawa yake haikuuzwa dukani. Alikunja miguu minne ya pembeni ambayo huizuia karavani isitikisike, akazungusha gurudumu dogo la mbele hadi pakashuka kidogo, kisha akaishusha tena miguu ile. Alinionya kwamba utaratibu huo una mpango wake. Upande wa kulia na wa kushoto husawazishwa kwanza, kwa kuweka ubao au mteremko wa plastiki chini ya gurudumu kabla ya karavani kufunguliwa kutoka kwenye gari. Mbele na nyuma husawazishwa baadaye, kwa lile gurudumu dogo. Miguu ya pembeni huja mwisho. Miguu hiyo si jeki. Kazi yake ni kutuliza, si kuinua, na mtu asithubutu kuingia chini ya karavani kwa kuiamini. Alipomaliza, maji ya bafuni yakaanza kusogea, polepole kama wanafunzi baada ya kengele ya Jumatatu, yakaenda.

Yalikwenda, lakini kwa uvivu. Ndipo tulipoinama kandoni na kumulika kwa tochi. Bomba la kutoka bafuni lilikuwa la plastiki laini yenye mikunjo mingi kama koo la kuku, na kishikizo chake kimoja kilikuwa kimekatika. Kati ya vishikizo vilivyobaki, bomba lilikuwa limebonyea kama kamba ya kuanikia nguo. Katika bonde lile maji hayakauki. Mafuta ya sahani huganda katika mikunjo, nywele hunasa katika mafuta, na wakati wa baridi kali maji yaliyosimama huweza kuganda na kulipasua bomba. Zaidi ya hayo, bonde likijaa maji na ncha ya mpira nayo ikizama tangini, hewa iliyo katikati hunaswa kati ya maji mawili. Haipandi wala haishuki, nayo huyazuia maji kana kwamba ni gunzi la muhindi.

Hapa nilijifunza jambo ambalo lingeweza kumfaa mwalimu wa sayansi. Katika nyumba zetu za kawaida, chini ya karo huwa na mpindo wa bomba unaohifadhi maji kidogo kwa makusudi, ili hewa mbaya ya mfereji wa majitaka isirudi ndani. Alexander Cumming, mtengenezaji saa Mskoti aliyefanya kazi London, alipewa hataza ya choo chenye mpindo wa umbo la herufi S mwaka 1775, na hadi leo wazo hilo hulinda nyumba zetu. Karavani nyingi za kukokotwa hazina mpindo huo, kwa kuwa nafasi ni ndogo na safari huyatikisa maji. Kwa hiyo harufu iliyonikera haikutaka tangi lizibwe. Ilitaka tangi lioshwe kila siku, na karo litiwe kizibo lisipotumika. Mimi niliziba mahali pasipozibwa, nikaacha wazi mahali panapozibwa.

Nilimpigia simu mwenye karavani, nikamweleza yote, pamoja na ile dawa. Alicheka sana. Kumbe tangu ainunue alikuwa akioga huku maji yamemfika vifundoni, akidhani kwamba ndivyo karavani zilivyo. Akaturuhusu kutengeneza. Tulinunua bomba gumu lililo laini ndani, urefu wa mita mbili, pamoja na vishikizo vipya. Mzee alinieleza kipimo ambacho mafundi wa nyumba hukitumia sana: katika kila mita moja, bomba lishuke takriban milimita 25. Kwa mita mbili, basi, ncha moja iwe chini ya nyingine kwa sentimita tano. Chini ya karavani nafasi ni finyu, na mara nyingine fundi huridhika na mteremko mdogo kuliko huo. Asichoridhika nacho ni bomba lishuke kisha lipande.

Mafuta yaliyobaki katika mabomba mengine tuliyalegeza kwa maji ya moto yasiyochemka, yaliyotiwa fuwele za kufulia, yakaachwa kwa saa kadhaa kisha yakasukumwa kwa maji mengi. Niliposoma pakiti nikakuta kwamba fuwele hizo ni sodiamu kaboneti, jamaa ya karibu ya magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi huko Kajiado. Nilikuwa nimesafiri mpaka Yorkshire kwenda kutibiwa kwa dawa ya kwetu. Mzee alionya tu kwamba isiachwe juu ya alumini, kwa kuwa huila.

Sasa nirudi ubaoni.

Niliporejea nyumbani nilijiuliza kilichokuwa kimenipungukia. Sikupungukiwa na maneno. Kiswahili kina pimamaji na timazi, kina mteremko, kishikizo, kizibo, mchirizi na mfereji. Mafundi wetu huyatumia kila siku juu ya majukwaa ya ujenzi, nao huyaongeza kwa maneno waliyoyaazima na kuyanyoosha wenyewe yakaingia katika sarufi yetu bila ya kuomba ruhusa kwa mhadhiri yeyote. Kilichonipungukia ni desturi ya kuuliza jambo limekwamaje kabla ya kulikwamua. Nililitazama tendo la kuzibua kama kiambishi: ongeza kitu kidogo mwishoni, nawe umekwisha kupata kinyume. Nikaongeza chupa moja, nikawa tayari kuongeza ya pili.

Lakini mambo hayatenduliwi hivyo. Anayetaka kutegua mtego sharti ajue ulivyotegwa. Anayefungua fundo hutafuta kwanza kamba ilikopita. Hata ubaoni, mwanafunzi mzuri hugundua kwamba si kila kitenzi kinachoishia kwa '-ua' kimetendua kitu. Chukua haikutoka katika 'chuka', na anayefuata umbo bila ya kuchunguza maana hupotea. Kanuni ni ile ile chini ya karo.

Najua kwamba baadhi ya walimu watasema hiyo ni kazi ya fundi, na shule ni ya vitabu. Tumekwisha kuyasikia hayo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ulikuja na useremala, uashi na upishi. Tukayafundisha kwa chaki, vifaa vikakosekana, na baadaye masomo mengi ya aina hiyo yakaondolewa katika shule za msingi. Mtaala wa umilisi umeyarudisha mafunzo ya awali ya ufundi katika sekondari ya msingi. Ni hatua ya kupongezwa, lakini hofu yangu ni kwamba tutayafundisha tena kama nilivyofundisha mimi 'zibua', mwanafunzi apate alama zote huku maji yakiwa yamemfika vifundoni.

Wala hatuhitaji karavani ili kuepuka hilo. Mwalimu wa Kiswahili anayefikia kauli ya kutendua na aingie darasani na chupa, faneli na ndoo ya maji. Aibane faneli kwa kitambaa, maji yasimame. Amwite mwanafunzi ayakwamue, na kabla hajagusa kitu aeleze kwa sentensi kamili, mbele ya wenzake, anadhani maji yamezuiwa na nini na amejuaje. Mwalimu wa sayansi na aje asikilize. Siku nyingine waalikwe fundi bomba na pimamaji yake, na wanafunzi waandike kila neno analolitumia. Watajaza daftari, na yamkini baadhi ya maneno hayo hayamo katika kamusi tulizo nazo.

Mzee wa kambini hakukubali malipo. Alikubali chai tu, tena tuliyoipika kwa maziwa kama tunywavyo huku kwetu. Alipomaliza alikiosha kikombe chake mwenyewe katika karo letu, akaachilia maji, akainamisha sikio kusikiliza. Hapakuwa na gudugudu. Binti yetu alikuwa bafuni wakati huo, akiimba.